Dhahabu ndogo hulia kama takataka: kutafuta hereni, vipini na pete ufukweni

Mimi ni fundi redio hapa Moshi, meza yangu iko pembeni ya soko la Mbuyuni. Kutoka hapa hadi baharini ni safari ya basi: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, ndipo unaingia Tanga. Mdogo wake mke wangu ameolewa huko, kwa hiyo shule zikifungwa tunashuka kwa shemeji na watoto, na mimi nashuka na ditekta yangu, mashine ya kutafuta metali. Mwaka wa sita huu.

Wateja wakiiona imening'inia ukutani huniuliza habari za mali ya Mjerumani. Hiyo siitafuti. Ninachotafuta ni vitu ambavyo watu wa kawaida wamevipoteza juzi na jana wakiwa wanaogelea au wamekaa kivulini: kipini cha mtoto, hereni moja, cheni nyembamba, pete ya gramu mbili. Pete ya gramu mbili yenye dhahabu ya karati 18, ukiiyeyusha ikawa donge, haizidi punje tatu za choroko. Kitu kidogo namna hiyo hakitafutwi kama sarafu inavyotafutwa.

Safari yangu ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe nimeshaliona kwa wengine wengi. Ditekta huipa kila metali namba, na nyingi zina mchujo: unaiambia mashine isilie kwa namba fulani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba namba za chini ni karatasi za sigara na uchafu, nikazifuta zote. Siku mbili kwenye ufukwe wa Raskazone, Tanga, asubuhi hadi jua linakuwa kali, nikapata sarafu, ufunguo na chubwi za wavuvi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mishipi. Nikarudi Moshi naamini ufukwe ule hauna dhahabu. Likizo iliyofuata niliondoa mchujo wote, nikapita chini ya mvinje uleule niliokuwa nimeuzunguka mara ya kwanza. Kabla ya saa mbili kwisha nilikuwa nimechimba vipande kumi na vinne vya karatasi ya fedha, ile inayong'aa ya pakiti ya sigara, na kipini kimoja cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa na sauti ileile ya karatasi.

Mashine inasikia nini

Ditekta ni ndugu wa redio. Ndani ya ile sahani ya chini kuna koili inayorusha uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Uga huo ukigusa metali, ndani ya metali huzaliwa mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo hurudisha uga wake. Koili ya kupokea ndiyo inayousikia. Kipande kinene chenye kupitisha umeme vizuri huushikilia mkondo, mashine ikakipa namba kubwa. Kipande chembamba mkondo wake hufa upesi, kikapewa namba ndogo. Basi. Mashine haijui bei ya kitu. Karatasi ya pakiti ya sigara ni nyembamba, ganda la vidonge ni jembamba, na hereni ya mtoto ni nyembamba pia.

Yangu ni Equinox 800 ya Minelab, aina iliyotoka mwaka 2018, niliinunua ikiwa imeshatumika. Namba zake zinaanzia 9 chini ya sifuri mpaka 40. Chuma huangukia sifuri na kushuka. Vipini na hereni ndogo nimevipata kwenye 1 hadi 4, pete nyembamba za kike 5 hadi 9, pete nzito za kiume huvuka 12. Sasa tazama mahali pengine: karatasi ya fedha ipo hapohapo kwenye 1 hadi 9, na vile vishikio vya kopo la bia vinaanguka palepale kwenye pete za kiume. Ukiwa na mashine nyingine namba zitakuwa tofauti, lakini jamaa hawa wataendelea kuishi nyumba moja. Wapo wanaosema wanaweza kuwatenganisha kwa sikio. Mimi nasikiliza spika zilizokufa tangu ujana wangu na siwezi. Nachimba zote.

Umbo nalo lina neno lake. Hereni ya duara ikiwa imefungwa vizuri mkondo unazunguka duara zima, italia sana. Ileile ikifunguka, mkondo hauna njia ya kuzunguka, sauti inashuka mpaka karibu hakuna. Jaribu mwenyewe, utashangaa. Cheni ni ngumu zaidi. Mashine haioni cheni nzima, inaona kila pingili peke yake, na pingili moja ni ndogo mno. Mara nyingi kinacholia ni kile kifungio au kidani kilichoning'inia. Kwa hiyo ukipata kifungio kidogo tu kwenye shimo, usiondoke hapo.

Mazoezi ya nyumbani

Usianzie baharini. Usianzie uani pia, kama unaishi huku kwetu. Chukua sumaku ya spika mbovu, ichovye kwenye udongo wa Moshi au mchanga wa mto wowote unaoshuka kutoka mlimani, halafu uinue. Itatoka na ndevu nyeusi. Hizo ni chembe za chuma zilizotokana na volkano, na Arusha chini ya Meru ni vivyo hivyo. Ditekta inazisikia zote. Ndiyo sababu watu wakiniambia niende tu kwenye chemchemi ya Chemka au Ziwa Duluti badala ya kupoteza nauli ya Tanga, nawajibu kwamba maji ya huko hayana chumvi, ni kweli, lakini mawe yake yanapiga kelele, na kipini kinapotea ndani ya kelele hizo.

Mimi hufanya mazoezi juu ya meza ya mbao isiyo na misumari. Mke wangu huniazima hereni zake. Naiweka moja, napitisha koili juu yake kwa urefu wa sentimita 5, kisha 10, kisha 15, nasikiliza mpaka inapotelea. Kipini kidogo hupotea mapema sana, na kujua hilo ni muhimu: kama kimezama kina cha kiganja ufukweni, usikitegemee. Pembeni yake naweka karatasi ya sigara, ganda la vidonge, kizibo cha soda, kishikio cha kopo. Mwanangu hubadilisha vitu mimi nikiwa nimegeuka, halafu nataja. Kizibo nimeshakijua: ni cha chuma, ukipitisha ukingo wa koili juu yake sauti inakwaruza na kukatika. Hicho nakiacha bila wasiwasi. Karatasi na hereni bado zinanishinda, kama nilivyosema.

Vua pete yako na saa, na simu iweke mbali na mkono unaoshika mashine. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitumia mashine ya jamii hii kutafuta risasi mwilini mwa James Garfield, rais wa Marekani aliyekuwa amepigwa risasi. Kitanda alicholalia kilikuwa na springi za chuma, na mashine ikavurugika. Nikiwa ufukweni nakikumbuka kitanda kile kila nikiegesha chepe karibu na koili.

Chumvi, bamvua na wapi pa kutembea

Sasa tufike baharini, ambako kuna tatizo la kweli. Maji ya bahari yana chumvi gramu kama 35 kwa lita, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Kwa mashine, mchanga uliolowa chumvi unafanana na karatasi nyembamba sana iliyotandazwa kote. Yaani unafanana na dhahabu ndogo. Mtengenezaji akiifundisha mashine kuinyamazia chumvi, kwa kiasi fulani anaifundisha kuinyamazia na hereni. Mashine ya masafa mamoja, yaani ambayo uga wake hubadilika kwa kasi moja tu, mchangani kwenye maji itapiga kelele kila ukipunga mkono. Zinazotumia masafa mengi kwa pamoja hutulia, na zile za mapigo, zinazorusha uga kwa vipigo vifupi vifupi, hutulia pia, lakini za mapigo hulia kwa kila msumari, nazo mchujo hazina.

Kwa sababu hiyo naugawa ufukwe. Mchanga mkavu wa juu ndiyo shamba la vitu vidogo. Huko naweza kutumia masafa ya juu, kilohezi 20 au 40 peke yake, na usikivu nikaupandisha, kwa kuwa hakuna chumvi ya kunisumbua. Mchanga wenye maji na majini kwenyewe nabadilisha kwenda masafa mengi, nashusha usikivu mpaka mashine inyamaze kabisa nikiwa nimesimama, na natafuta pete. Kipini cha majini nikikipata ni bahati. Usikivu mkubwa wenye kelele ni mbaya kuliko usikivu mdogo wenye utulivu, hasa kwa sauti dhaifu.

Juu huko kavu, nenda watu walipokaa. Chini ya mivinje na mikungu, mahali kivuli kinapofika saa tisa alasiri, si mahali kilipo asubuhi unapofika wewe. Mahali wanapobadilishia nguo. Mahali wanapokung'utia khanga na taulo, maana mama huvua hereni, anaziweka juu ya khanga, mtoto analia, khanga inakung'utwa. Uwanja wa mpira. Siku nzuri ni inayofuata Idi, Pasaka au Mwaka Mpya, asubuhi mapema kabla mchanga haujakanyagwa upya.

Kwa pete, fuata maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa Tanga inapita mita 3, na kwa pwani yetu maji ya bamvua hukupwa mpaka mwisho kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele karibu dakika 50. Anza saa mbili kabla, uyafuate maji yakishuka, mpaka usimame pale ambapo jana waogeleaji walikuwa na maji kifuani. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, usijisumbue kwenda chini, baki juu kavu.

Vitu vizito hupangwa na mawimbi. Dhahabu ikiwa safi ni nzito kuliko madini ya risasi yanayotengenezewa chubwi, na hata ile ya karati 9 inakaribiana nayo. Kwa hiyo nikianza kuokota chubwi tatu nne kwenye mstari mmoja, au nikiona changarawe nzito zimelala pamoja, nasimama na kuanza kwenda polepole, mistari ya karibu karibu. Upepo wa kusi ukipiga kwa nguvu hukata mchanga na kuacha ngazi ufukweni. Chini ya ngazi hiyo mchanga wa zamani umefunuliwa, hapo ni pazuri. Penye mchanga laini mpya uliojaa usipoteze betri, cha maana kimefunikwa.

Kupunga na kuchimba

Koili iwe inakaribia kugusa mchanga, mwendo wa kwenda na kurudi uchukue sekunde mbili au tatu, na kila mpungo ufunike nusu ya ule uliotangulia. Ukinyanyua koili mwisho wa mpungo kama mtu anayefagia, unaacha vipini vyote vya pembeni. Nina koili ndogo ya inchi 6 kwa ajili ya mchanga mkavu penye takataka nyingi, inasikia kitu kidogo vizuri kuliko ile kubwa ya inchi 11, ingawa kazi inakuwa ndefu. Hedifoni ni lazima. Sauti ya hereni kupitia spika ya mashine, upepo ukivuma, haisikiki.

Sikiliza hiyo sauti. Haiji na kishindo. Ni kama mtu ameguna kidogo upande wa pili wa ukuta. Rudi, ipite tena kwa mwelekeo ule ule. Kisha zunguka robo duara, uipite kutoka upande mwingine. Ikirudia mara zote mbili, hata namba ikirukaruka kati ya 1 na 3, chimba. Ikisikika upande mmoja tu, kwangua mchanga wa juu kwa mguu uisikilize upya, kwa kuwa mara nyingi kitu kiko mpakani mwa uwezo wa mashine na sentimita mbili zinatosha kukileta karibu.

Chepe la matundu nililichongesha kwa fundi wa kuchomelea, mtaa wa Pasua hapa Moshi. La kwanza lilikuwa na matundu ya milimita 10, pete haipiti lakini kipini kinateleza kama maji. Nilirudi nikatengeneza la pili lenye matundu ya milimita 5. Mchanga unachelewa kuchuja, vumilia. Kwenye mchanga mkavu mara nyingi situmii chepe, nachota kwa mkono. Nachota konzi, napitisha konzi juu ya koili iliyolala. Imelia? Nagawa konzi mbili, kila mkono nusu, napitisha mmoja mmoja. Unaolia naugawa tena. Mara ya nne mkononi unabaki na kijiko kimoja cha mchanga, na ndani yake kuna kitu. Usiupulize. Umwage polepole kwenye sahani ya plastiki nyeusi, dhahabu itaonekana yenyewe, maana bahari haiichafui kama inavyoifanyia fedha, ambayo hutoka nyeusi.

Baada ya kutoa kitu, pitisha koili tena shimoni. Hereni ina kifungio chake, cheni ina kipande kingine. Kisha fukia shimo.

Nieleze hapa jambo moja lililonifundisha kuliko yote. Siku ya pili ya Idi alinijia bibi mmoja, mwenyeji wa Tanga, na mjukuu wake wa miaka kama saba akiwa na hereni sikio moja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mashine hiyo yaona dhahabu?"

Nilimwomba ile hereni iliyobaki. Alisita nayo kidogo mkononi, kisha akampa mtoto, mtoto akanipa. Niliiweka juu ya mchanga mkavu, nikapitisha koili: 2, wakati mwingine 3, sauti fupi. Niliifungua kifungio, ikashuka ikawa 1 na mara nyingine kimya. Nikamwambia mtoto anionyeshe walipokaa, na njia aliyopita kwenda majini. Badala ya kutafuta dhahabu nikawa natafuta sauti ile tu, na nikiwa nakumbuka kwamba iliyopotea yawezekana imefunguka. Vipande tisa vya karatasi. Cha kumi, hatua mbili kutoka kwenye mkeka wao, kilikuwa sauti niliyokuwa nimeiruka mara ya kwanza nikidhani ni mashine. Hereni ilikuwa wazi, imelala ubavu, sentimita tatu chini. Bibi hakusema neno, alimfuta mtoto mchanga shingoni na kumvalisha mwenyewe.

Tangu hapo, mtu akiniambia amepoteza hereni, jambo la kwanza naomba pacha wake.

Kikishapatikana

Kwanza ruhusa, kabla hata hakijapatikana chochote. Ufukwe wa hoteli una mwenyewe, muombe. Kwingine pita kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze unachofanya, itakuepusha maswali. Magofu ya Tongoni na kisiwa cha Toten usipeleke ditekta kabisa, vitu vya kale vinalindwa na sheria tangu mwaka 1964. Eneo la Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, nalo usichimbe bila idhini ya wahusika.

Kitu kilichopotea juzi kina mwenyewe. Mimi humwachia mlinzi wa ufukwe namba yangu na kumwambia kuna kitu kimeokotwa. Simwambii ni pete au hereni, wala rangi ya jiwe. Atakayepiga ndiye anieleze. Naandika tarehe na mahali kwenye daftari, nakifunga kitu kwenye karatasi yenye namba. Mwenyewe asipopatikana kwa muda mrefu, kitu kipo kabatini, na nikitaka kukijua zaidi nakipeleka kwa sonara. Yeye anatazama muhuri ndani ya pete: 375 ni dhahabu ya 9, 585 ni ya 14, 750 ni ya 18, 916 ni ya 22. Pasipo na muhuri anasugua kwenye jiwe lake na kudondosha asidi. Sumaku yangu ya spika nayo inasaidia kwa hatua ya kwanza: kinachonasa kwake si dhahabu, ingawa kisichonasa si lazima kiwe dhahabu. Kuosha, maji baridi na sabuni kidogo. Usitumie limau wala siki, lulu na baadhi ya mawe huharibika.

Mashine ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kabla hujala. Na ile sahani ya koili ina kifuniko cha plastiki chini yake, kifungue. Mchanga huingia humo, na ukiwa na chembe nyeusi za chuma utakulilia njia nzima, sauti dhaifu, namba 1 na 2, utachimba ufukwe mzima bila kitu. Mimi hukifungua uani kwa shemeji, nasuuza kwa kikombe, nakausha kwa kitambaa, ndipo nafunga begi la basi la asubuhi.